Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kumbukumbu zetu: zitafuteni sinema za Vugiri kabla hazijageuka siki

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa Bodi ya Filamu Tanzania, na nakala kwa wenzenu wa Nairobi, Kampala, Lusaka, Zomba na London.

Waheshimiwa,

Naomba nianze na mwizi. Mwaka 1935, huku kwetu Usambara, ilipigwa sinema ya vibarua wawili waliopokea ujira wao. Mmoja alichimba shimo akafukia fedha zake. Mwenzake alikwenda kuweka zake posta. Mwizi akaja, akafukua, akaenda zake, na mwenye shimo akabaki mikono mitupu. Ilikusudiwa kufundisha watu kuweka akiba, lakini ni hadithi ya uhalifu hiyo, iliyochezwa na watu wa hapa kwenye ardhi ya hapa, miaka 26 kabla ya Uhuru. Iliitwa Post Office Savings Bank. Haimo kwenye hifadhi yoyote inayojulikana. Yule mwizi, yule aliyeibiwa na yule mwenye busara wametoweka wote watatu, na sijaona mtu akiwatafuta.

Wengi wenu mnajua mambo haya kwa juu juu, basi niyaeleze. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri, juu ya Korogwe, palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema. Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya New York, wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na kamati ya washauri kule London iliongozwa na Lord Lugard, yule yule aliyewahi kuwa gavana wa Kiingereza huko Nigeria. Waliokuja kufanya kazi ni Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa ameshawahi kusimamia shamba la mkonge Kenya na kuonyesha sinema kwa vibarua wake, pamoja na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kwa muda wa miaka miwili hivi walitoa filamu 35. Nyingine zilihusu kodi, nyingine malaria ya watoto, ngozi za mifugo, kahawa chini ya migomba. Kisha wakazipakia garini pamoja na jenereta, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini, wakiwaonyesha makumi ya maelfu ya watu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona picha ikitembea.

Mwaka 1937 fedha zikakata, serikali za kikoloni hazikutaka kuendelea kugharamia, na kituo kikafungwa. Katika zile filamu 35, zilizosalia ni tatu. Zote ziko London, British Film Institute: moja inaonyesha vijana wakifundishwa utabibu wa mifugo, moja inahusu safura, na moja inahusu mashamba ya wakulima pale Kingolwira, karibu na Morogoro. Nyingine 32 tunazisoma tu. Notcutt na Latham waliandika kitabu mwaka ule wa 1937, The African and the Cinema, wakaeleza kila filamu ilikuwa na nini ndani. Kwa hiyo tuna muhtasari wa hadithi zetu, umeandikwa na wageni, kwa lugha ya wageni, na picha zenyewe hatuna.

Kuna jambo moja ambalo watu wakilisikia hushtuka. Sinema hizi zilipigwa bubu. Mkanda wenyewe, wa milimita 16, haukuwa na sauti hata kidogo. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, na mwendeshaji alikuwa na kazi ya kuhakikisha sahani na picha vinakwenda sambamba. Njia hiyo ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nyingine ambayo mimi naiona ni ya maana zaidi: picha moja iliweza kupewa lugha nyingi. Gari likifika kwa Wasukuma, sahani ya Kisukuma. Likifika Uganda, Kiganda. Huku kwetu, Kiswahili. Maana yake ni kwamba kulikuwa na sahani zenye sauti za Waswahili wa mwaka 1935 wakisimulia kisa cha wizi mbele ya umati, gizani, uwanjani. Fikirini lafudhi yao. Fikirini maneno waliyotumia kwa akiba, kwa mwizi, kwa posta. Wanaoisomesha lugha hii chuo kikuu wangelipa kiasi gani kuisikia dakika tano tu? Picha ikipatikana bila sahani yake itabaki bubu, na sahani ikipatikana peke yake itakuwa sauti isiyo na mwili. Vyote viwili vinapaswa kutafutwa, waheshimiwa.

Mimi ni mtoto wa mwendesha sinema. Marehemu baba alikuwa na gari la sinema miaka ya sabini. Walikuwa wakiingia kijijini jioni, wanafunga shuka jeupe kati ya miti miwili, wanawasha jenereta mbali kidogo ili kelele zisimeze maneno, na kijiji kizima kinakaa chini, wengine mbele ya shuka, wengine nyuma yake wakiona picha kinyumenyume bila kujali. Nikiwa mdogo nilimshikia taa alipokuwa anaunganisha mkanda uliokatika. Alinifundisha kuushika pembeni tu, kwa vidole viwili, kama unavyoshika kitu chenye ncha kali. Alinifundisha pia kuusoma. Mkanda wa milimita 16 ukiwa na matundu pande zote mbili, hauna sauti, ni bubu. Wenye sauti una matundu upande mmoja, na upande wa pili unapita mstari wa sauti. Ukiuinua kwenye mwanga, pembeni utaona neno SAFETY, na kwa mikanda ya Kodak utaona alama ndogo, mraba, duara au pembetatu, zinazotaja mwaka mkanda ulipotengenezwa. Futi moja ina picha 40. Haya yote mtu anaweza kuyajua kwa dakika kumi, bila shahada na bila mashine.

Naeleza kwa urefu kwa sababu ya jambo lililonipata.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kufuatilia shauri langu la ardhi. Nyuma ya jengo palikuwa na ghala limefunguliwa, vijana wanatoa viti vibovu na majalada yaliyoliwa na mchwa. Kati ya vitu vile niliona makopo ya bati, bapa, ya mviringo, yamepangwa kama sahani za pilau siku ya harusi. Niliyatambua nikiwa mbali. Nikamwendea msimamizi nikamwomba aniruhusu niyatazame. Alikuwa muungwana, akaniambia hana mamlaka, nije Jumatatu nimwone mkubwa wake. Nikamsihi asiyaguse mpaka Jumatatu. Akaitikia. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuta jivu. Makopo yalikuwa yamepinda kwa moto, na hewa ilikuwa bado na ule ukali wa siki unaochoma pua. Nilichakura chini nikapata kipande kisichoungua, futi moja na kidogo. Nikakiinua kwenye jua. Matundu pande zote mbili. Picha zimefifia, lakini zinaonekana: mtu kainama mbele ya nyumba ya udongo, mgongo kwetu, mkono wa kulia ukishuka na kupanda, kushuka na kupanda, picha hamsini hivi za mkono mmoja.

Kile kipande ninacho mpaka leo, ndani ya bahasha. Sidai kwamba kilitoka Vugiri. Ninachodai ni kwamba kilichochomwa hakikusomwa na yeyote kabla ya kuchomwa, na kukisoma kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Simlaumu yule msimamizi. Hakuna aliyewahi kumwambia. Hakuna waraka uliowahi kufika mezani kwake ukisema: ukikuta makopo ya namna hii, simama, piga simu mahali fulani.

Ule ukali wa siki ndio unaonifanya niandike sasa na si baada ya miaka mitano. Mikanda ya milimita 16 haikuwa ile ya naitreti inayolipuka kama baruti, iliyoteketeza ghala la kampuni ya sinema ya Fox kule New Jersey, Marekani, mwaka 1937. Hii ni asetati, aina nyingine ya plastiki. Haiwaki kwa ghafla, lakini ina ugonjwa wake. Joto na unyevu vikiizidia inaanza kutoa asidi, ile ile iliyomo kwenye siki, na ile asidi inaharakisha kuoza kwa mkanda uliobaki, na kwa kopo la jirani. Mkanda unasinyaa, unajikunja, unapasuka kama magamba, mwishoni unatoa unga mweupe. Wataalamu wanasema mkanda mpya wa asetati ukiwekwa kwenye nyuzi joto 21 na unyevu wa wastani, ugonjwa huanza kujitokeza baada ya miaka 40 hadi 50. Ghala la bati Tanga au Mombasa halikai kwenye nyuzi 21. Mikanda ya mwaka 1935 ina miaka 90 hivi. Iliyobaki hai, kama ipo, imebaki kwa bahati ya mahali: labda misheni ya milimani ambako kuna baridi, labda kabati la shule ya zamani Lushoto, labda chini ya ngazi za ofisi ya mifugo huko Uganda. Bahati hiyo haitadumu.

Najua kuna atakayesema tunatafuta maji jangwani. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti wa David Pierce kuhusu filamu ndefu za kimya za Kimarekani, za 1912 hadi 1929. Zilitolewa karibu 11,000. Zilizosalia kama zilivyotoka ni asilimia 14 tu. Marekani, wenye fedha zote zile! Sinema zao za majambazi, za wavusha pombe, za magendo kwenye mpaka wa Mexico, zilizokuwa zikijaza kumbi kila wiki, kwa sehemu kubwa zimekwisha. Moja iliyosalimika ni Sky High ya mwaka 1922, mwigizaji Tom Mix akiwasaka wanaovusha Wachina kimagendo kutoka Mexico. Mwaka 1998 wakaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa. Filamu ya kawaida tu ya farasi na bastola, lakini inaonyesha mpaka wao ulivyokuwa, magari yao, hofu zao, na jinsi walivyowatazama Wachina. Hadithi za uhalifu zina tabia hiyo. Mtengenezaji anamfuata mwizi, na kamera bila kukusudia inabeba soko, barabara, mavazi, nyumba na nyuso. Notcutt alimhitaji mwizi wake kwa sababu watu hawawezi kukaa chini kutazama kitabu cha posta. Nasi leo tunamhitaji mwizi huyo huyo ili tuone kibarua wa 1935 aliishi nyumba gani, alivaa nini siku ya mshahara, na alitembeaje akiwa na fedha mfukoni.

Lakini sikilizeni wapi zile za wenzetu zimepatikana. Mwaka 1978 mikanda 533 ilifukuliwa Dawson, kaskazini kabisa mwa Kanada, ilikokuwa imefukiwa ardhini tangu 1929. Filamu ya John Ford, Upstream ya 1927, iliyodhaniwa imepotea, ilipatikana New Zealand. Sehemu kubwa iliyokuwa imekosekana ya Metropolis ya Fritz Lang ilitokea mwaka 2008 kwenye makumbusho ya sinema Buenos Aires, tena kwenye nakala ya milimita 16 iliyochakaa. Si Hollywood, si Berlin. Zimepatikana mwisho wa njia, mahali ambapo mkanda ulifika na hakuna aliyeona faida ya kulipia usafiri wa kuurudisha.

Sisi tulikuwa mwisho wa njia. Unguja ilikuwa na ukumbi wa Royal tangu 1921, wa bwana Hassanali Jariwalla, na picha bubu za dunia nzima zilipita pale. Zile za Vugiri zilifika mbali zaidi, hadi vijijini ambako hata lami haijafika leo. Tukiwa na haki ya kutumaini kupata kitu popote, ni kwenye barabara ile lilikopita gari lile.

Nimewahi kuambiwa, tena na mtu ninayemheshimu, kwamba hizo ni sinema za mkoloni na zioze tu. Namwelewa. Nimesoma waliyoyaandika waliozitengeneza, kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwamba aonyeshwe pole pole kama mtoto. Filamu ile ya kodi ilikuwa na kazi ya kumfanya babu yangu alipe bila kunung'unika. Hayo yote ni kweli na yasemwe wazi kila zinapoonyeshwa. Lakini waliosimama mbele ya kamera hawakuwa wakoloni. Na waliofundishwa kusafisha mikanda, kuikata na kuiunganisha pale Vugiri walikuwemo vijana wa Kiafrika. Hao ni mafundi wetu wa kwanza wa sinema, miaka zaidi ya 30 kabla ya Kampuni ya Filamu Tanzania kuundwa mwaka 1968. Tukiacha kazi yao ioze kwa hasira dhidi ya bwana wao, tunawaadhibu wao, bwana wao hana habari.

Sasa ninachoomba. Kwanza kabisa waraka, na huo hauna gharama. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, uende kwa kila mkurugenzi wa halmashauri, kila ofisi ya kilimo, mifugo na afya yenye ghala la zamani, kila shule na chuo kilichokuwepo kabla ya Uhuru, na kwa heshima zote uende pia kwa maaskofu, maana misheni ndizo zilizopokea mambo haya zamani. Uwe na picha ya kopo, picha ya mkanda wenye matundu pande mbili, na picha ya sahani ya santuri. Useme mambo matatu: msichome, msifungue kwa nguvu, pigeni namba hii. Na upande wa pili wa hiyo simu awepo mtu, mmoja tu, mwenye jukumu hilo na mwenye nauli. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 ipo. Kumbukumbu za umma haziteketezwi kienyeji. Makopo niliyoyakuta mimi yaliteketezwa kienyeji.

Pili, zile tatu zilizoko London ziletwe nakala. Siombi asili yake, hatuna chumba cha baridi cha kuiweka, na ni afadhali ikae ilipo mpaka tuwe nacho. Lakini nakala safi ya ile ya Kingolwira ionyeshwe Kingolwira, shuka jeupe, uwanjani, usiku. Wazee wa pale wakiona vilima vyao watataja majina. Watasema huyu ni ukoo wa fulani, ile nyumba ilikuwa pale penye mwembe. Hilo haliwezi kufanyika London, na kila mwaka wanaoweza kulifanya wanapungua. Wenzetu wa British Film Institute nawaomba wao pia watusaidie kwa jambo hili moja, bila kutuzungusha kwa ada za haki miliki kwa picha za babu zetu.

La chumba cha baridi najua ni bajeti, na bajeti ina foleni. Hata hivyo kuna vikaratasi vidogo vya bluu vinavyowekwa ndani ya kopo. Mkanda ukiwa unaumwa vinageuka kijani, ukizidiwa vinageuka njano. Ni vya bei nafuu. Vinunuliwe hivyo kwanza, vipite kwenye mikanda yote tuliyonayo, ikiwemo ile ya Kampuni ya Filamu na ya Taasisi ya Picha na Sauti ya miaka ya sabini na themanini, ili tujue ipi ya kuokoa kesho na ipi inaweza kungoja. Baba yangu aliionyesha ile mikanda. Nayo sasa ni mizee.

Na kwa wenzenu wa Kenya, Uganda, Malawi na Zambia: gari lile halikuulizwa pasipoti. Filamu ya Usambara inaweza kuwa imelala Zomba, na ya Uganda ikawa imelala Tanga. Arusha pana makao makuu ya Jumuiya, pana kumbi za mikutano za kutosha. Mkutano wa siku mbili wa watunza kumbukumbu, kila mmoja aje na orodha ya makopo yasiyo na majina, ungetosha kuanzia.

Tarehe 27 Oktoba ni siku ya dunia ya urithi wa picha na sauti. Naomba jibu lenu kabla ya siku hiyo, hata kama ni la mistari miwili. Mimi nipo Korogwe. Macho bado yanaona, vidole havitetemeki, na niko tayari kuja kwa nauli yangu kwenye ghala lolote mtakalonifungulia, nisome pembe za mikanda kopo kwa kopo. Bahasha yenye kile kipande nitakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mwendesha sinema, Korogwe